Kadi ya mkopo isiyolipwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Texas, kuanzia mwezi wa kwanza wa kukwama hadi mahakamani

Mdaiwa katika kisa hiki ni wa kubuni, lakini hali yake ni ya watu wengi. Mfikirie mama anayehudumia wazee kwenye kituo cha matunzo huko Texas, Marekani. Ana kadi moja ya mkopo yenye deni la $4,180 kwa riba ya 26.99% kwa mwaka, na kiwango cha chini cha malipo ni takriban $135 kwa mwezi. Alilipa mara ya mwisho tarehe 9 Januari 2022. Kisha mgongo ukamsumbua, zamu zikapunguzwa, na malipo ya tarehe 7 Februari hayakwenda.

Tutapita naye hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua ina mdai wa aina yake, sheria yake na siku zake za kuhesabu. Wengi huumia si kwa ukubwa wa deni, bali kwa kutojua ni siku zipi zinazohesabika dhidi yao, na zipi zinahesabika dhidi ya mdai.

Siku 180 za benki

Malipo yakichelewa siku tano, benki hutoza faini, lakini haiandiki chochote kwenye ripoti ya mikopo. Ucheleweshaji unaripotiwa kwa Equifax, Experian na TransUnion, ofisi tatu kuu za ripoti za mikopo, ukifika siku 30. Kwa mama huyu hiyo ni tarehe 9 Machi. Angelipa tarehe 5 Machi, faini ingebaki lakini ripoti ingekuwa safi. Watu wengi hukata tamaa wiki ya kwanza wakidhani jina limeshaharibika, kumbe bado wana wiki tatu.

Siku ya 60 ni nzito zaidi. Kuanzia hapo sheria ya kadi ya mwaka 2009 inairuhusu benki kupandisha riba ya deni la zamani, baada ya kutoa notisi ya siku 45. Sheria hiyohiyo inaitaka benki irudishe riba ya awali iwapo mdaiwa atalipa kiwango cha chini kwa wakati miezi sita mfululizo tangu riba ilipopanda. Benki hazitangazi jambo hili kwa sauti kubwa.

Ikifika siku ya 180, benki hulifuta deni vitabuni mwake. Neno "kufuta" linawapotosha watu. Benki imekiri kihasibu kwamba imepata hasara, basi. Deni liko palepale. Kwa mama huyu ilikuwa Agosti 2022. Hesabu ilisimama hivi: deni la awali $4,180, riba ya miezi sita takriban $610, faini ya kwanza $30 na nyingine tano za $41, yaani $235. Jumla $5,025. Ishike namba hii, kwa sababu ndiyo kipimo cha kila karatasi itakayofuata.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kunyamaza miezi yote sita. Benki nyingi zina mpango wa dhiki ambao hautajwi mpaka uuombe: riba inashushwa kwa miezi 6 hadi 12, faini zinasitishwa, kadi inafungwa kwa muda. Unapopiga simu, usianze na "sina pesa". Taja sababu, tarehe unayotarajia hali kubadilika, na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa, kisha omba maafikiano kwa maandishi. Ukitaja kiasi kikubwa ili umridhishe aliye upande wa pili wa simu, utakwama mwezi wa pili na mpango utavunjika.

Njia nyingine ilikuwa shirika la ushauri wa mikopo lisilo la faida. Shirika la namna hiyo hupanga malipo ya miaka mitatu hadi mitano, na benki hukubali riba ya chini, mara nyingi isiyozidi 10%. Deni la $4,180 kwa 8% kwa miezi 48 ni takriban $102 kwa mwezi, bila kuhesabu ada ndogo ya shirika. Usilichanganye na kampuni za "kusuluhisha madeni" zinazokuambia uache kulipa benki uwalipe wao. Tangu 2010 kanuni ya shirikisho inazikataza kampuni zinazouza huduma hiyo kwa simu kutoza ada kabla ya kusuluhisha hata deni moja. Anayedai pesa mbele, achana naye.

Jambo jingine linalowatisha watu wenye akaunti ya kawaida kwenye benki ileile iliyotoa kadi: je, benki itajichotea? Sheria ya shirikisho inakataza mtoa kadi kufanya hivyo kiholela. Lakini soma mkataba wako kama kadi ni ya chama cha akiba na mikopo, kwa sababu vyama hivyo huweka mara kwa mara kifungu kinachofanya akiba yako kuwa dhamana ya kadi.

Hamsini za "nia njema"

Mwishoni mwa 2022 benki iliuza deni kwa kampuni inayonunua madeni. Tarehe 2 Machi 2023 mama alipata ujumbe mfupi wa simu, na kesho yake akapigiwa. Sauti ilikuwa ya upole. Aliambiwa alipe $50 tu leo "kuonyesha nia njema" ili faili lisipelekwe kwa mwanasheria. Akatoa namba za kadi yake ya benki.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, ingawa kiasi kilikuwa kidogo. Kwanza, alimlipa mtu ambaye hajaonyesha karatasi yoyote. Namba ya simu na jina la kampuni si ushahidi kwamba deni ni lao. Pili, katika majimbo mengi malipo madogo huanzisha upya muda wa ukomo wa kushtakiwa. Texas ina kinga nzuri hapa: deni ambalo muda wake umeshakwisha halifufuki kwa malipo wala kwa ahadi mikononi mwa mnunuzi wa madeni. Aliye jimbo jingine asitegemee hilo. Tatu, alifungua mlango wa akaunti yake. Mlango huo tutaurudia.

Jibu sahihi kwa simu ya kwanza ni fupi: "Nitumieni notisi ya deni kwa posta. Sijadili chochote kabla ya kuisoma." Usikubali deni, usilikane, usitaje unakofanya kazi wala benki yako. Andika tarehe, saa, namba iliyopiga na jina la aliyezungumza.

Karatasi yenye tarehe

Sheria ya ukusanyaji madeni ya mwaka 1977, FDCPA kwa kifupi, inamlazimisha mkusanya madeni kutuma notisi ndani ya siku tano tangu mawasiliano ya kwanza. Kanuni F, kanuni ya shirikisho inayotekeleza sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021, imefafanua kinachotakiwa kuwemo. Sheria hii haiigusi benki inayodai deni lake yenyewe. Inazigusa kampuni zinazokusanya kwa niaba ya wengine, na zile ambazo kazi yao kuu ni kununua na kukusanya madeni. Sheria ya jimbo la Texas inakwenda mbali zaidi, inambana hata mdai wa awali.

Notisi ya mama iliandikwa tarehe 6 Machi. Juu kulikuwa na jina la benki ya awali, jina la mdai wa sasa na tarakimu nne za mwisho za akaunti. Katikati, jedwali dogo lenye mistari mitano:

Deni tarehe ya kufutwa vitabuni: $5,025.
Riba iliyoongezwa: $0.
Ada zilizoongezwa: $587.
Malipo na punguzo: $0.
Jumla unayodaiwa: $5,612.

Mstari wa kwanza unalingana na taarifa ya mwisho ya benki, vizuri. Mstari wa tatu ndio wa kusimama nao. Mkusanya madeni hana ruhusa ya kudai hata senti ambayo mkataba wa awali au sheria haiiruhusu. Ada ya $587 imetoka wapi? Na mstari wa nne: zile $50 za tarehe 3 Machi hazionekani, ingawa notisi iliandikwa siku tatu baadaye.

Chini ya jedwali kuna tarehe ambayo watu huiruka: 12 Aprili 2023. Huo ndio mwisho wa siku 30 za kupinga. Mkusanya madeni anahesabu siku tano za kazi tangu alipotuma, kisha anaongeza siku 30. Ukipinga kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, lazima asimamishe ukusanyaji mpaka akutumie uthibitisho. Ukipinga kwa simu, hana wajibu huo. Ukipinga tarehe 13 Aprili, barua yako ina thamani, lakini haimsimamishi.

Barua ya mama ilikuwa ya Kiingereza, nusu ukurasa. Ilitaja namba ya rejea, ikasema anapinga deni lote, ikataka jina na anwani ya mdai wa awali, chanzo cha ada ya $587, sababu ya $50 kutoonekana, na nakala za hati za mauzo kutoka benki hadi kwa mdai wa sasa. Hakueleza habari za mgongo wala zamu, na alifanya vyema. Maelezo ya huruma ndani ya barua ya kupinga hugeuka kuwa ukiri mbele ya hakimu. Aliituma tarehe 20 Machi kwa huduma ya posta iitwayo Certified Mail, akalipia pia kadi ya mapokezi. Kadi ilirudi ikiwa na saini ya tarehe 23 Machi, akaibana kwa pini pamoja na nakala ya barua.

Tarehe 3 Aprili, $50 nyingine zikatoka kwenye akaunti yake. Hakuwa amezitoa.

Makosa mawili yako ndani ya tukio hilo moja. Kukata pesa kila mwezi kutoka akaunti ya mteja kunahitaji idhini ya maandishi au ya kielektroniki inayolingana nayo, na "ndiyo" ya kwenye simu kwa malipo ya siku moja si idhini ya miezi. Tena ukusanyaji ulipaswa kuwa umesimama tangu 23 Machi. Mama alikwenda benki kesho yake. Benki humpa mteja siku 60 tangu taarifa ya akaunti kutumwa kulalamikia makato asiyoyaidhinisha, nayo ina siku 10 za kazi kuchunguza au kumrudishia pesa kwa muda wakati uchunguzi unaendelea. Kwa makato yanayokuja, amri ya kuzuia lazima ifike angalau siku tatu za kazi kabla. Pesa ilirudi. Akachapisha ukurasa wa taarifa ya akaunti, akauweka pamoja na kadi ya posta.

Uthibitisho ulifika tarehe 19 Mei: nakala ya taarifa ya mwisho ya benki na ukurasa mmoja wa mauzo ya madeni. Ada ya $587 ilikuwa imetoweka. Usitarajie zaidi ya hapo katika hatua hii. Mahakama nyingi zinaridhika na uthibitisho mwembamba, na mdaiwa anayesubiri kuletewa mkataba wenye saini yake hupoteza muda.

Simu

Simu zilirudi Juni. Kanuni F inahesabu kuwa ni usumbufu kupiga zaidi ya mara saba ndani ya siku saba kwa deni moja, au kupiga tena ndani ya siku saba baada ya mazungumzo. Muda unaoruhusiwa ni saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku kwa saa za alipo mdaiwa. Ukisema mwajiri hataki simu hizo kazini, wanapaswa kuacha. Kila ujumbe mfupi na barua pepe lazima uwe na njia ya kujitoa. Jamaa zako wanaweza kuulizwa unapoishi, lakini hawapaswi kuambiwa habari ya deni.

Mdaiwa ana haki ya kuandika barua ya kuwataka wasiwasiliane naye tena kabisa. Tunashauri kufikiri mara mbili. Barua hiyo inanyamazisha simu, lakini haizuii kesi, na mdai ambaye hawezi tena kuzungumza nawe anabaki na njia moja tu. Ni afadhali kuzuia simu na kuacha posta wazi.

Wito wa mahakama: siku 14

Tarehe 16 Januari 2024 mama alikabidhiwa wito wa mahakama ya hakimu wa amani, inayosikiliza madai yasiyozidi $20,000. Huko Texas mdaiwa katika mahakama hii ana siku 14 tangu kukabidhiwa wito kuwasilisha utetezi. Kwake ilikuwa 30 Januari. Mahakama za wilaya na za kaunti zina hesabu nyingine, kwa hiyo soma jina la mahakama kwenye wito kabla ya kuhesabu.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kila kitu. Wanaona kiasi ni cha kweli, wanajiambia "nitakwenda kusema nini, deni si ninalo?", na hawajibu. Matokeo yake ni hukumu ya upande mmoja. Katika Texas hukumu ya namna hiyo huishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Mshahara haukatwi kazini kwa deni la kadi. Texas ni miongoni mwa majimbo machache yenye kinga hiyo. Kwingineko sheria ya shirikisho inaruhusu kukatwa hadi 25% ya mshahara baada ya makato ya lazima. Lakini watu wa Texas hujidanganya na kinga hii. Mshahara ukishaingia benki unakuwa pesa ya kawaida, na mwenye hukumu anaweza kuomba amri ya kuzuia akaunti nzima. Pesa za pensheni ya serikali ya shirikisho zilizowekwa moja kwa moja benki zinalindwa kwa kiasi cha miezi miwili. Mshahara haulindwi.

Utetezi hauhitaji ufasaha. Mama aliandika namba ya kesi, jina lake, anwani, na sentensi moja: anakana madai yote na anataka mdai athibitishe. Aliongeza mambo mawili: umiliki wa deni haujaonyeshwa, na malipo ya $50 hayakuhesabiwa. Aliwasilisha 24 Januari, akatuma nakala kwa mwanasheria wa mdai. Hakutaja ukomo wa muda kwa sababu hakuwa nao: Texas inatoa miaka minne, na kutoka Februari 2022 hiyo ingefika Februari 2026. Kama ungekuwa umepita, angelazimika kuutaja mwenyewe. Kanuni F inakataza kushtaki deni lililopitwa na wakati, lakini hakimu hatakutafutia tarehe.

Kanuni za mahakama hiyo zinamtaka mnunuzi wa deni ataje katika hati ya madai tarehe na kiasi cha kufutwa vitabuni, tarehe ya kila mauzo na majina ya waliolimiliki kabla yake. Hati aliyoletewa ilitaja mauzo moja, wakati ukurasa wa Mei ulionyesha kampuni mbili. Kiungo kimoja kilikosekana. Hilo halifuti deni, lakini linamfanya mwanasheria wa mdai apende kumaliza mambo nje ya ukumbi.

Kwenye korido, 12 Machi

Mwanasheria alianza na $3,500. Mama alikuwa na karatasi tatu: kadi ya posta ya 23 Machi, taarifa ya akaunti yenye makato ya 3 Aprili, na ukurasa wa mauzo. FDCPA inampa mdaiwa fidia ya hadi $1,000 pamoja na gharama za wakili, hata bila kuthibitisha hasara, ila lazima ashtaki ndani ya mwaka mmoja. Kwa makato yale, mwaka ulikuwa unaisha tarehe 3 Aprili 2024. Wiki tatu tu zilibaki. Angeahirisha mpaka Mei, karatasi ile ingekuwa kumbukumbu tu.

Walikubaliana $2,700, mara sita za $450, Aprili hadi Septemba.

Maandishi ya makubaliano yanastahili kusomwa polepole kuliko hati nyingine yoyote. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno ya "hukumu ya maafikiano", maana yake anasaini hukumu dhidi yake mwenyewe kisha analipa. Akikosa awamu moja, hukumu ya $5,025 inakazwa. Alikataa. Toleo la pili lilisema kesi itaondolewa baada ya malipo ya mwisho bila haki ya kuifungua tena, kwamba $2,700 ni malizo kamili ya deni, kwamba salio litaripotiwa sifuri, na kwamba sehemu iliyosamehewa haitauzwa kwa yeyote. Alilipa kwa hundi ya benki kila mwezi. Hakutoa tena namba za akaunti.

Januari 2025 ikaja fomu ya kodi 1099-C yenye $2,275: $5,025 ukitoa $50 na $2,700. Deni lililosamehewa kwa kawaida huhesabiwa kama kipato; $600 ni kiwango ambacho kuanzia hapo mdai hulazimika kutuma fomu hiyo. Anaweza kuepuka kodi kwa kujaza Fomu 982 ikiwa, muda mfupi kabla ya msamaha, madeni yake yote yalizidi mali zake zote, lakini kwa kiasi cha tofauti hiyo tu. Mali hapo ni pamoja na gari na akiba ya uzeeni, kwa hiyo apige hesabu kwa tarehe ile, si kwa hali ya leo.

Ripoti ya mikopo sasa ina mistari miwili: wa benki, uliofutwa vitabuni na kuuzwa, salio sifuri, na wa mnunuzi, uliolipwa kwa maafikiano. Yote miwili inahesabu miaka saba kutoka ucheleweshaji wa Februari 2022, na sheria inaruhusu hadi siku 180 juu yake. Kuuzwa kwa deni hakuanzishi upya miaka hiyo. Mstari wowote ukionyesha tarehe mpya, unapingwa kwenye ofisi za ripoti, ambazo kwa kawaida huwa na siku 30 kuchunguza.

Je, ingekuwa heri ule mpango wa $102 kwa mwezi? Kwa pesa taslimu, hapana: ungegharimu karibu $4,900. Lakini ungemwepusha na kesi, na jina lake lingekuwa limepona miaka kabla. Mtu anayepanga kuomba mkopo wa nyumba ndani ya miaka mitano angepaswa kuuchagua bila kusita.

Machi 2025 ujumbe mfupi uliingia kutoka kampuni nyingine kabisa, ukidai $2,275. Mama hakupiga simu. Alisubiri notisi, akatoa nakala ya makubaliano, amri ya mahakama ya kuondoa kesi na hundi sita, akavituma posta ileile kwa huduma ileile, na nakala akaipeleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo pamoja na malalamiko ya ukurasa mmoja.